Samansi Ikifika Mlangoni

Leo tunasoma karatasi ambayo watu wengi huiogopa kabla hawajaisoma. Karatasi hiyo ni samansi, yaani wito wa mahakama. Andika neno hilo katika daftari lako: sa-ma-nsi.

Tuseme unakaa kijijini hapa Tanzania. Mwaka jana ulichukua magunia ya mahindi kwa jirani, ukamlipa nusu ya fedha. Leo amekuja mtu na karatasi ya Mahakama ya Mwanzo, naye anataka utie sahihi. Je, utie?

Tia. Wengine husema, "Nikitia sahihi nimekubali deni." Sivyo hata kidogo! Sahihi, au alama ya dole gumba, yaonyesha kwamba wito umekufikia, basi. Huja nakala mbili: moja hurudi mahakamani, ya pili ni yako. Andika juu yake siku uliyoipokea. Wala usimpe mpelekaji fedha za deni. Kazi yake ni kuleta karatasi tu.

Sasa soma polepole. Juu pana jina la mahakama. Chini yake pana namba ya shauri, na hapo tafuta neno moja: ni Madai au ni Jinai? Madai ni mambo kama deni. Jinai ni kosa, kama wizi au kupigana. Kisha tazama wewe umeitwa nani. Mdaiwa ndiye anayedaiwa. Mshitakiwa ndiye anayeshitakiwa kwa kosa. Shahidi hana kesi. Ameitwa aseme aliyoyaona. Mwisho soma tarehe na saa, na utazame muhuri.

Usipofika bila sababu, katika madai hakimu aweza kusikiliza upande mmoja na kukata shauri. Hapo jirani atasema unadaiwa magunia yote, wala hapatakuwa na mtu wa kusema, "Nusu nimelipa." Baadaye mali yako yaweza kukamatwa. Katika jinai, hakimu aweza kuamuru ukamatwe wewe mwenyewe.

Basi fika mapema, uchukue samansi, stakabadhi zako na mtu aliyekuona ukilipa. Katika Mahakama ya Mwanzo lugha ni Kiswahili, kwa hiyo sema mwenyewe. Ikiwa deni ni kweli, kubali sehemu iliyo kweli, na umwombe hakimu ulipe kidogo kidogo. Usiporidhika na hukumu, una siku 30 za kukata rufani Mahakama ya Wilaya.

Na ukiugua? Peleka barua kabla ya siku ya shauri, pamoja na cheti cha daktari. Usiseme tu, "Watajua."

Sasa iandike barua hiyo: namba ya shauri, jina lako, tarehe uliyoitwa, na sababu. Mistari minne yatosha. Mwalimu wako ataisahihisha.