Kurejea katika Jumuiya ya Programu Huria baada ya Ghaibu ya Miaka Mingi



Mada niliyotakiwa kuiwasilisha mbele yenu hapa Ndanda yahusu jambo ambalo wengi wetu tuliokuja kutoka Masasi, Newala na Mwena twalifahamu, ingawa ni nadra kulizungumza hadharani, nalo ni hali ya mtu aliyekuwa akitoa mchango wake katika programu huria, akashikwa na ajira, au malezi, au maradhi, au uchovu mtupu, akatoweka kwa miaka, kisha akaingiwa na shauku ya kurejea. Nadai kwamba mtu huyo ana haki moja isiyofutika, na ana heshima moja ambayo hana budi kuichuma upya, na kwamba maudhi mengi ya marejeo chanzo chake ni kuyachanganya mambo hayo mawili.

Haki isiyofutika ni ile ya leseni. Tangu Richard Stallman alipotoa toleo la kwanza la leseni ya GPL mwaka 1989, kanuni imekuwa kwamba anayeipata programu hupata pamoja nayo ruhusa ya kuisoma ndani yake, kuibadili na kuigawa, wala ruhusa hiyo haimwondoki kwa sababu ya kutoonekana barazani, maadamu ametimiza masharti yake. Heshima ya kuchuma upya ni ile ya kuaminiwa, yaani kuachiwa mtu aingize mabadiliko katika hazina ya msimbo bila mwingine kuyakagua kwanza. Na hiyo, mabwana, haikai rafuni ikamngoja mwenyewe.

Mfano ulio karibu nasi ni kazi ya Kilinux iliyoendeshwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako wanasayansi wa kompyuta, wakishirikiana na wataalamu kutoka Sweden, waliunda faharasa ya istilahi na kuitafsiri kwa Kiswahili programu ya ofisi iitwayo OpenOffice, hata ikatoka mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice. Kijana wa leo, ambaye huipakua programu nzima kwenye simu yake huku akinywa chai, si rahisi kwake kuukadiria uzito wa kazi ile: mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kutumika Dar es Salaam Julai 2009 tu, na kabla yake intaneti ilipitia kwenye setilaiti kwa gharama kubwa na kwa mwendo wa kobe, hata aghalabu programu ikisafiri kwa diski mkononi mwa abiria wa basi. Mradi ukaisha muda wake, kama ilivyo ada ya miradi, na watu wakatawanyika kufuata mishahara. Nami sioni aibu katika hilo, kwa maana mtu hali tafsiri.

Sasa na tumchukulie mtafsiri mmoja wa zama zile, aliyeondoka mwaka 2005 na kurejea baada ya miaka kumi. Sun Microsystems, kampuni iliyoifungua OpenOffice kwa umma mwaka 2000, asingeikuta, kwa kuwa Oracle ilikwisha kuinunua mapema mwaka 2010. Na wengi aliowajua angewakuta wamehama tangu tarehe 28 Septemba mwaka huohuo, siku lilipotangazwa jina la LibreOffice, tawi lililochipuka kutoka OpenOffice, pamoja na wakfu uitwao The Document Foundation, ambao baadaye, mwaka 2012, uliandikishwa Berlin, ilhali OpenOffice yenyewe ilikabidhiwa kwa Apache mwaka 2011. Angesimama njia panda akijiuliza kwake ni wapi, na huenda angekata shauri kwamba jumuiya yake imekufa, kumbe kazi iliyotolewa kwa leseni huria haizikwi pamoja na mradi ulioizaa. LibreOffice hadi leo huhesabu Kiswahili cha Tanzania miongoni mwa lugha zake. Mtu arejee kwenye kazi, asirejee kwenye kiti alichokikalia.

Wazee wetu wa nyanda hizi wanayajua marejeo ya namna hiyo kuliko mtaalamu yeyote. Watu walipohamishiwa vijijini katika miaka ya 1970, mikorosho mingi iliachwa mbali na nyumba, ikamezwa na magugu, kisha ukaja ugonjwa wa ubwiriunga. Na mazao ya korosho nchini, yaliyokuwa tani zipatazo 145,000 katika msimu wa 1973/74, yakashuka chini ya tani 20,000 katika msimu wa 1986/87. Waliorudi mashambani hawakuanza kwa kuuliza mavuno yao ya zamani yako wapi. Walifyeka, wakapunguza matawi yaliyosongamana, wakapuliza salfa, na palipokuwa na mti usiofaa tena, wakaukata na kubebesha kikonyo cha mbegu bora iliyotoka kituo cha utafiti cha Naliendele.

Katika jumuiya kubwa za programu, iliyoyatazama mambo haya kwa akili kuliko nyingine, kwa maoni yangu, ni Debian, iliyoasisiwa na Ian Murdock mwaka 1993. Huko mwanachama anayejiona hana nafasi tena huweza kutangaza kustaafu kwake, naye akabaki na jina la heshima na njia fupi ya kurudi. Asiyetangaza huandikiwa barua mara kwa mara kuulizwa kama yungali pamoja na wenzake. Na kifurushi kilichokosa mtunzaji huitwa yatima waziwazi, ili mwenye moyo ajitokeze kukilea. Lakini Debian hiyohiyo haina huruma na vitu vilivyochakaa. Ilipofika tarehe mosi Januari 2015, funguo za kutia saini zenye biti 1024 ziliondolewa katika orodha ya Debian kwa kuwa hazikuwa salama tena, na aliyekuwa ghaibu alirejea akiwa na ufunguo usiofungua chochote, hana budi kutafuta wenzake wa kumthibitishia ufunguo mpya.

Msiione hadhari hiyo kuwa ni inda. Mwaka 2018 mtunzaji wa maktaba moja ya msimbo iitwayo event-stream, akiwa ameichoka, alimkabidhi mtu asiyemjua aliyejitolea kumsaidia, na mtu yule akapenyeza humo msimbo wa kuiba fedha za kidijitali. Na Machi 2024 iligunduliwa hila kama hiyo ndani ya programu ya kubana mafaili iitwayo xz, kazi ya mchangiaji aliyekuwa amejijengea imani kwa zaidi ya miaka miwili akimsaidia mtunzaji aliyechoka. Kwa hiyo jina la zamani linapozuka ghafla na kuomba funguo zake, wenyeji wana haki ya kuuliza kama ni mwenyewe, au ni mwizi aliyelivaa jina lake.

Basi arejeaye afanyeje? Asome kwanza kanuni za sasa za kuchangia, kwa maana alizoziacha zimekwisha kubadilika. Achague kosa dogo, alisahihishe, akubali kukaguliwa hata na kijana aliyekuwa shule ya msingi siku yeye alipoondoka. Nyaraka ndefu za udhuru, ambazo wengine hupenda kuzitanguliza, mimi sizipendi, kwani humlazimisha msomaji kutoa faraja kabla hajaona kazi. Aidha, mtafsiri wa Kiswahili aanze kwa kuzipitia tafsiri zake mwenyewe za zamani, ambamo atakuta disketi na vifaa vingine ambavyo wanafunzi wetu hawajapata kuviona.

Napendekeza, Mheshimiwa Mwenyekiti, kwamba kikundi chetu cha walimu na mafundi kiwe na daftari moja la makabidhiano, ambamo kila anayeondoka ataandika alichokuwa akikitunza, hali aliyokiachia, na nani anazo nywila zake. Jina lake lihamishwe katika safu ya wastaafu badala ya kufutwa. Na iandikwe kabisa ni nani atakayemkagua kazi zake tatu za mwanzo akirudi. Nani alitunze daftari hilo ni suala la kupigiwa kura, nami naliacha mikononi mwa kikao.