Pilipili Tutapanda, Maji Yako Wapi?

Wasikilizaji, wito wa kaunti wa wiki hii mmeshausikia: kila nyumba ipande mboga zake na pilipili zake, kama si uwani basi barazani. Hatuna haja ya kuurudia, wala kituo hiki hakiupingi. Kinachotutia wasiwasi ni kile kisichotajwa tangu mwanzo wa hotuba ya wito huo hadi makofi: maji.

Mtu wa Likoni, hapa Mombasa, hafundishwi kupanda pilipili. Pilipili mbuzi kwetu huota kwenye debe kuukuu, kwenye karai lililotoboka, kwenye mtungi wa mafuta uliokatwa shingo. Mbegu huatikwa, baada ya mwezi na kitu miche huhamishwa, na miezi mitatu hivi baadaye mama ana pilipili ya achari na ya kuuzia viazi karai. Shamba halihitajiki. Mbolea ni samadi ya mbuzi wa jirani. Kinachohitajika ni maji. Joto la kaskazi likishika, mche wa ndani ya debe ukikosa maji, maua hupukutika. Na maua yakipukutika, pilipili hamna.

Haya, maji yako wapi? Kisauni mfereji unakoroma hewa. Likoni mfereji unakoroma hewa. Changamwe, mama anaamka usiku wa manane kutega ndoo. Maji ni ya mkokoteni, kwa mtungi wa lita 20, na mtungi huo huo ndio wa kupikia, wa kuogesha watoto na wa kutawadhia. Nani atabakisha ya kumwagilia pilipili? Na msituambie habari ya visima. Visima vingi vya pwani vina chumvi, na pilipili haistahimili chumvi: majani huungua kingoni, mche ukadumaa.

Nyimbo hizi si ngeni. Mwaka 2020, wakati wa korona, Wizara ya Kilimo ilizindua mpango wa bustani milioni moja za jikoni nchini. Wazo zuri. Lakini maji? Mombasa inakunywa maji ya kuletewa: Mzima kule Taita Taveta, Baricho kule Kilifi, Marere na Tiwi kule Kwale. Bomba la Mzima ni la miaka ya 1950, na mji wa leo si ule wa miaka hiyo. Bwawa la Mwache tumeahidiwa miaka nenda, miaka rudi. Ahadi ni deni, na deni hili limechelewa.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya chakula cha kutosha na maji safi ya kutosha. Katiba hiyo hiyo iliipa kaunti kazi za kilimo, ikaipa na huduma za maji. Kwa hiyo anayetuambia tupande ndiye aliyeshika mfereji. Huwezi kushika mfereji kwa mkono mmoja, ukagawa mbegu kwa mkono wa pili, kisha ukamlaumu mama wa Mtongwe kwamba ni mvivu.

Na kuna suala la udongo. Upande ule wa Changamwe na Jomvu, watu hawajasahau Owino Uhuru, Mikindani, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilisambaza sumu ya risasi katika makaazi ya watu. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamua mwaka 2020 kwamba wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na uamuzi huo ulipotenguliwa kwenye rufaa, Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2024. Kabla ya kuwaambia watu walime karibu na viwanda, pimeni udongo. Kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO kiko Mtwapa, ng'ambo tu ya daraja. Wataalamu wavuke, waje mitaani.

Ndugu zetu wa Kisauni, wa Likoni, wa Changamwe: pandeni. Pandeni pilipili hata kama ni debe moja. Mche uliojikunja majani ung'oeni mapema, usije ukaambukiza wenzake. Lakini msinyamaze! Vikao vya kutoa maoni kuhusu bajeti ya kaunti vikiitishwa, msiwaachie wale wale wa viti vya mbele. Nendeni. Kina mama nendeni, vijana nendeni, wazee nendeni. Mkiulizwa mnataka nini, jibuni: maji. Mkiambiwa subirini, jibuni: maji. Mkigawiwa pakiti ya mbegu ili mpigwe picha, pokeeni, shukuruni, kisha ulizeni: na maji je?

Na nyinyi waheshimiwa, semina za bustani zipunguzeni. Fedha hizo pelekeni kwenye mabomba, mtuambie mtaa gani utapata maji, siku gani na kwa saa ngapi, na siku hiyo ikifika mfereji utoe maji. Pilipili tutapanda wenyewe.