Bustani Katika Mji wa Ugenini

(Mazungumzo ya asubuhi redioni)

 

Leo twataka kuzungumza juu ya makopo. Naam, makopo matupu, madebe yaliyotoboka, ndoo zisizo na mikono, na magunia ya sukari yaliyochakaa. Msicheke. Fungueni kwanza kitabu cha nabii Yeremia, sura ya 29.

Watu wa Yuda walikuwa wamechukuliwa mateka mpaka Babeli. Hawakuwa na shamba, wala hawakuwa na hamu ya shamba, kwa sababu alikuwako nabii mmoja aliyetangaza kwamba baada ya miaka miwili tu kila kitu kingerudi kama zamani. Na mtu anayetazamia kuondoka baada ya miaka miwili hapandi kitu. Hukaa juu ya mzigo wake. Ndipo Yeremia alipowaandikia barua kutoka Yerusalemu. Aliwaagiza wajenge nyumba na kukaa humo, wapande bustani na kula mazao yake, waoe na kuozesha watoto wao. Tena aliwaagiza wautafutie amani mji ule ule wa adui na kuuombea, kwa kuwa mji ukistawi nao watastawi. Muda aliowatajia ulikuwa miaka sabini.

Twajiuliza barua ile ilipokewaje. Bila shaka wako waliokasirika. Tupande bustani hapa? Hapa si kwetu!

Ndugu zetu, maneno hayo tumeyasikia Changamwe, na Likoni vilevile. Mtu amefanya kazi bandarini au relini miaka thelathini, watoto wake wote wamezaliwa hapa pwani na Kiswahili chao ni cha hapa, lakini yeye ukimwuliza atakuambia, "Mimi hapa napita tu, kwetu ni bara." Basi mlangoni pake hakuna hata jani moja. Na wako wengine, wenyeji wa hapa hapa, wasemao, "Sisi ni maskwota, kesho mwenye hati atakuja na tingatinga, tupande ya nini?" Hatuwalaumu hawa wala wale. Mwezi wa Agosti mwaka 1997 palitokea fujo Likoni, watu wakauawa, nyumba zikachomwa moto, na wengi waliokuwa wamekuja kutoka bara wakakimbia na vitu walivyoweza kubeba kichwani. Wengine walikimbilia kanisani. Mtu aliyeona mambo hayo ana sababu ya kuukalia mzigo wake.

Hata hivyo barua ya Yeremia haikuandikwa kwa watu walio salama. Iliandikwa kwa mateka.

Na hapa kwetu tunao mfano wa karibu. Mwaka 1875 Chama cha Misheni cha Kanisa, CMS, kilianzisha kijiji cha Frere Town upande wa Kisauni, kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka katika majahazi ya watumwa. Walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, na wengi wao hawakuwa na njia ya kurudi makwao tena. Walijenga, wakalima, wakasali, wakazika wafu wao hapo. Ile kengele yao ndiyo iliyolipa jina lile kituo cha Kengeleni, ambapo makondakta wa matatu huita abiria kila siku bila kufikiri ni kengele ya nani.

Sasa mama mmoja atatuambia, "Hayo nimeyasikia, lakini Frere Town walipewa ardhi. Mimi nina chumba kimoja cha kupanga. Uani kuna kamba za nguo, mtungi wa maji na choo cha wapangaji sita. Hiyo bustani nitaiweka juu ya kichwa changu?"

Hapo ndipo makopo yanapoingia. Shamba la kopo lina sifa moja ambayo shamba la ekari kumi halina: mwenye nyumba akikuondoa, huondoka nalo. Kwa mpangaji hilo si jambo dogo.

Chukua debe la lita ishirini, toboa chini matundu sita au manane kwa msumari mnene, tandika kokoto au vigae, kisha jaza udongo uliochanganywa na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi. Debe moja litachukua miche miwili au mitatu ya sukuma wiki. Mchicha hautaki hata debe, beseni lililopasuka latosha, na baada ya majuma matatu au manne waanza kuchuma. Ukiacha mche mmoja utoe maua, utakupa mbegu nyingi kuliko utakazoweza kupanda. Matembele hayahitaji mbegu kabisa: omba kwa jirani vipande vya mashina, uvichomeke. Dania na pilipili zapenda makopo madogo pale dirishani.

Anayetaka mboga nyingi mahali padogo na atumie gunia. Lisimamishe, weka katikati kopo lisilo na kitako, lijaze mawe, na pembeni yake jaza udongo. Kisha livute kopo juu kidogo, uongeze mawe na udongo, hivyo hivyo mpaka gunia lijae, na katikati pabaki nguzo ya mawe tangu juu hata chini. Maji ukiyamimina juu ya mawe yatashuka na kufikia mizizi yote, hata ya chini. Ubavuni toboa matundu kwa kisu na kupandikiza miche kuzunguka pande zote. Gunia moja mahali pa mtungi mmoja, na jamaa wapata mboga mara kadhaa kwa juma.

Lakini maji, mtasema. Kweli, hapa ndipo penye ugumu, na hatutaki kuwadanganya. Bomba la kutoka chemchemi za Mzima limekuwa likileta maji Mombasa tangu miaka ya 1950, lakini anayekaa Likoni ajua ni siku ngapi mfereji hutoa hewa tu. Hatumwambii mtu anunue dumu la maji kwa wachuuzi ili amwagilie mchicha. Yako maji ya kuoshea mchele na mboga, na ya kusuuzia vyombo kabla ya sabuni. Maji yenye sabuni nyingi au dawa ya kuondoa madoa, mwaga kwingine. Maji ya kisima yenye chumvi yaweza kutumika kwa mchicha kwa kiasi, lakini maharagwe yatakufa. Ukiona ukoko mweupe juu ya udongo, ndiyo chumvi hiyo. Masika yakija, yaache makopo yako nje yanyeshewe, mvua nyingi itaisukuma chumvi itoke kwa yale matundu ya chini. Vilevile wanaotumia makumbi ya nazi ili udongo ushike maji, wayaloweke na kuyasuuza kwanza kama yametoka pwani baharini. Na wakati wa kaskazi, Januari hata Machi, jua la saa nane halina huruma: funika kwa kuti.

Neno moja juu ya matundu. Kopo lisilo na tundu ni nyumba ya mbu. Homa ya chikungunya iliyoenea Mombasa tangu mwisho wa mwaka 1917 mpaka 2018, hapana, tuseme sawasawa, mwisho wa mwaka 2017 mpaka 2018, huletwa na mbu azaliwaye katika makopo na matairi yenye maji uani mwetu. Kopo lililojaa udongo ni kopo moja pungufu kwa mbu huyo.

Sasa tuje kwenye udongo wenyewe, na hapa twawaomba wasikilizaji wa Changamwe, Jomvu na Mikindani watutegee sikio. Katika kijiji cha Owino Uhuru kilikuwako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi. Sumu ya risasi iliingia hewani, majini na ardhini, na watoto wakakutwa nayo katika damu. Mama mmoja aliyekuwa mfanyakazi hapo, Phyllis Omido, ambaye mtoto wake mwenyewe aliugua, alisimama akasema, mpaka kiwanda kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Goldman ya mazingira, na mwezi wa Julai mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3. Lakini risasi haiozi kama jani. Hubaki udongoni.

Kwa hiyo usichote udongo karibu na karakana, wala mahali palipovunjwa betri, wala kando ya barabara ya malori. Usipande katika makasha ya betri, wala katika madumu ya dawa za viwandani, hata uyaoshe mara saba. Kopo la rangi ya zamani liache. Nunua au omba udongo mahali usipo na shaka napo, na majani yaoshe vizuri kabla ya kukata, maana vumbi nalo hubeba sumu. Twajua si jambo jema kumwambia mtu kwamba ardhi aliyoikanyaga maisha yake yote haifai kumlisha. Lakini kwa watu kama hao kopo la udongo safi si mchezo wa kupamba uani. Ni usalama wa mtoto.

Mtu asikate tamaa juu ya udongo, hata hivyo. Pale Bamburi kiwanda cha saruji kilichimba mawe ya matumbawe mpaka pakabaki jangwa jeupe, lenye maji ya chumvi chini yake. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kujaribu miti ya namna nyingi. Mingi ilikufa. Mvinje ukashika. Majani yake yalipoanguka hayakuoza, yalilala tu juu ya mawe, mpaka alipowaleta jongoo. Jongoo wakayala, na kinyesi chao kikawa udongo. Leo ni msitu, na shule huwapeleka watoto kutembea humo. Kwa hiyo, akina mama, mkimwona jongoo katika rundo lenu la maganda ya ndizi na mabaki ya mboga, mwacheni afanye kazi yake. Wengi wetu humfagia kama mkosi.

Hatukusema kwamba haya ni mambo mapya. Majirani zetu Waislamu, mabibi wa Likoni na Kisauni, wamekuwa wakipanda mirihani na asumini katika makopo barazani tangu zamani, na hakuna ajuaye kuliko wao saa ya kumwagilia na jinsi ya kumkinga mche na jua. Nenda ukaulize. Piga hodi, umwamkie shikamoo bibi, umwombe kitawi. Utarudi na kitawi na mafunzo, na juma lijalo utampelekea fungu la mchicha. Yeremia alipowaagiza mateka waitafute amani ya mji, hakuwaeleza waanzie wapi, ila agizo la bustani lilikuwa katika barua hiyo hiyo.

Mwezi wa Aprili mwaka 2020, wakati wa korona, Serikali ilipozuia watu kuingia na kutoka Mombasa, wengi walikuwa hawana kibarua wala nauli ya kufika Kongowea. Aliyekuwa na gunia la sukuma uani alikuwa na kitoweo, na aliweza kumpa jirani. Mwenye mzigo uliofungwa tayari kwa safari hakuwa na pa kwenda nao.

Mvua zikikaribia, tafuteni makopo. Watoto wapeni kopo moja moja, kila mmoja na lake, muone watakavyoamka mapema kutazama.

Na tuombe. Ee Bwana, uliyeipanda bustani ya kwanza kwa mkono wako, wakumbuke wanaolala katika nyumba zisizo zao. Waponye watoto wa Owino Uhuru. Utupe mvua kwa wakati wake, na maji katika mifereji ya Likoni. Utupe amani na jirani aliye ng'ambo ya ukuta. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.