Mahali pa Kutafuta Kumbukumbu za Kesi

Wasikilizaji, wako watu wa Naitiri wadhanio kwamba kumbukumbu za kesi za jinai huwekwa kwa chifu au katika ofisi za kaunti. Sivyo. Mahakama ni za taifa zima, na kila faili hukaa katika masjala ya mahakama iliyosikiliza kesi. Naitiri imo katika Kaunti ya Bungoma. Lakini kesi iliyosikilizwa Kitale, katika Trans Nzoia, faili yake huulizwa Kitale.

Aendaye masjalani na achukue namba ya kesi, jina la mshtakiwa na mwaka. Katiba ya 2010, kifungu cha 50, humpa mshtakiwa haki ya kupata nakala ya mwenendo wa kesi yake baada ya kwisha, kwa kulipa ada.

Aliyehukumiwa na hakimu ana siku 14 tu za kukata rufani. Kwa hiyo yafaa nakala iombwe upesi, tena kwa barua, na nakala ya barua hiyo iliyopigwa muhuri itunzwe. Rufani ikichelewa kwa sababu kumbukumbu zilizoombwa hazikutolewa kwa wakati ufaao, sheria huamuru ipokelewe. Asiyeomba atajitetea kwa nini?