Nani Apewe Dakika 80?



Kipindi cha sekondari nchini kwetu Tanzania ni dakika 40. Aliyesoma Kemia anajua zinavyoyeyuka. Chukua zoezi la kupima besi kwa asidi: wanafunzi wahamie maabara, wagawane meza. Bureti isuuzwe kwa maji, kisha kwa asidi yenyewe, ijazwe, kiputo cha hewa chini ya koki kitolewe. Pipeti ivute besi, kiashiria kidondoshwe. Jaribio la kwanza ni la kukadiria tu. Yanayoingia kwenye wastani ni yale yanayofuata. Kengele inalia nusu ya darasa haijaona rangi ikigeuka. Mwalimu anaandika majibu ubaoni, wanafunzi wananakili, na kitabu cha maandalio kinasema somo limefundishwa kwa vitendo. Mwisho wa kidato cha nne Baraza la Mitihani linampa mtoto yuleyule saa mbili na nusu za kufanya peke yake.

Mtaniambia vipindi viwili mfululizo vipo. Vipo, lakini ndivyo vya kwanza kuvunjwa pale mwalimu wa taaluma anapohangaika kugawa mwalimu mmoja wa Fizikia kwa mikondo minne.

Je, tuvirefushe vyote? Marekani walijaribu. Tangu 1906 kipimo cha Carnegie kiliwazoesha kuhesabu somo kwa saa 120 za mwaka. Miaka ya 1990 shule nyingi zikahamia vipindi vya dakika 90, masomo manne kwa siku. Tafiti hazikukubaliana kuhusu faida yake, nami sishangai. Mwalimu wa kusomesha notisi, ukimwongezea muda, ataongeza notisi.

Tena sisi tuna masika. Njia za Mwika, huku Kilimanjaro, zikishakuwa utelezi, mtoto anayetembea hukosa shule siku moja moja. Siku hiyo ikiwa na dakika 80 za Hesabu, amepitwa na mada mbili. Hesabu na lugha zinataka kukutana na mwanafunzi kila siku, hata kwa muda mfupi.

Muda mrefu wapewe wenye kazi ya mikono. Mkondo wa amali ulioanza na mtaala mpya Januari 2024 hauwezi kusimama bila muda huo: kunoa randa, kufunga mbao kwenye jiliwa na kufagia karakana kunakula kipindi kizima kabla ubao haujanyooka. Jiografia nayo iruhusiwe kupanda hadi mfongo, yaani mfereji wa Wachaga wa kumwagilia, watoto waone wenyewe maji yanavyogawiwa vihambani, kwenye mashamba ya nyumbani.

Walimu wa taaluma, mnapopanga ratiba ya Januari, anzeni na maabara na karakana. Ziwekeni kabla ya chai au chakula cha mchana, ili kazi ikizidi dakika chache isile kipindi cha mwenzenu. Masomo ya dakika 40 yataingia katika nafasi zitakazobaki.