Kabla Faili Halijafika kwa Jaji



Wahitimu wetu wa stashahada ya sheria, shauri la Ephrahim dhidi ya Pastory nyote mmelisoma. Naomba tulirudie, maana nahofia mmelikariri kwa ajili ya mtihani. Bibi mmoja wa Kihaya, Pastory, alirithi shamba kwa wosia wa baba yake. Agosti 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000. Mwanamume wa ukoo wake, Ephrahim, akaenda Mahakama ya Mwanzo kupinga, na kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963 zikambeba: mwanamke ale matunda ya shamba la ukoo, asiliuze. Akashinda.

Mwaka 1990, Mwanza, Jaji Mwalusanya alisema kanuni hiyo ni ubaguzi, haiwezi kusimama mbele ya Katiba. Tunamsifu, na anastahili. Lakini kabla yake rufaa ilipitia kwa hakimu wa wilaya, kule Muleba. Haki za binadamu ziliingizwa kwenye Katiba yetu mwaka 1984, zikaanza kudaiwa mahakamani Machi 1988, miezi mitano tu kabla ya shamba lile kuuzwa. Hakimu yule alikuwa amezisoma, akampa bibi haki yake.

Mimi sikuwa kama yeye. Mwaka wangu wa kwanza wa ukarani, mjane mmoja aliniwekea mfuko wa rambo mezani. Ndani mlikuwa na cheti cha ndoa kilicholowa pembeni, na muhtasari wa kikao cha ukoo wenye saini za wanaume saba. Jina lake halikuwamo. Nikamwambia, kwa heshima zote, "Mama, rudi na shemeji yako." Akaufunga mfuko mafundo mawili, akashukuru, akaondoka. Hakurudi. Hakuna jaji aliyewahi kusikia habari zake, kwa sababu mimi sikumfungulia faili.

Vijana wangu, wengi wenu mnakwenda kukaa kwenye meza kama ile. Mzee akiwaambia "hii ndiyo mila yetu," msikilizeni kwa adabu mpaka amalize, kisha fungueni ibara ya 13 ya Katiba mumsomee. Na mama mwenye mfuko mpeni kiti. Someni karatasi zake zote, hata ile iliyolowa, na faili lake lifunguliwe siku hiyohiyo, kabla hajaufunga mfuko.