Tozo Moja, Mabega Tofauti

Leo tunaitazama tozo ya miamala ya simu iliyoanza Tanzania Julai 2021, kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala, kulingana na kiasi kinachotumwa au kutolewa. Kwa kuwa mwenye kidogo alikatwa kidogo, wapo walioiona ya haki. Lakini haki ya kodi haipimwi kwa kile kinachokatwa tu. Hupimwa pia kwa kinachobaki mfukoni. Chukua makato ya shilingi 500: kwa mama lishe anayepata 10,000 kwa siku ni asilimia 5 ya pato lake, ilhali kwa anayepata 100,000 ni nusu ya asilimia moja. Shilingi ni ileile, mabega ndiyo tofauti.

Watetezi wa tozo husema ililenga kujenga madarasa na vituo vya afya, na kwamba kila mwananchi hana budi kuchangia. Hoja hiyo ina uzito, maana zahanati haijengwi kwa maneno. Hata hivyo, asiyelipa kodi ya mapato tayari hulipa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 katika bidhaa nyingi anazonunua. Swali basi si kama achangie, bali mzigo ugawanywe vipi. Serikali yenyewe ilipunguza tozo kwa asilimia 30 Septemba 2021, kisha 2022 ikashusha kiwango cha juu hadi 4,000. Somo ni hili: kodi ianzie kwenye uwezo wa mlipaji, si kwenye urahisi wa kumkata.